Antena ya Makaa ya Betri

Felicitas alikuwa mdadisi hadi anakera. Nilikuwa mpiga chapa mwenzake katika duka la Bwana Pius, mjini Mwanza, mwaka 1997, maduka ya uchapaji yalipokuwa yanafunguliwa kila kona. Bosi alipoleta printa ya kwanza ya kurusha wino, sisi wengine tulifurahi kupumzisha vidole. Yeye akauliza, "Sabina, hivi wino huu ungepitisha umeme, si tungechapa waya?"

Nilimcheka. Lakini shule ya msingi, kama sisi sote, alitwanga makaa ya betri zilizokwisha ili kupaka ubao rangi nyeusi, na alijua makaa yale yanapitisha umeme. Akayatwanga tena, akayachuja kwa soksi ya nailoni, akayachanganya na wino wa printa. Printa ikaziba. Bwana Pius alifoka mpaka mishipa ya shingo ikamsimama, na sikumlaumu. Felicitas akaisafisha, akachuja upya, akapitisha karatasi ileile mara thelathini, mstari juu ya mstari. Luhaga, fundi redio wa jirani, alipoigusisha mita yake, mshale ukatikisika. Mstari ulikuwa unapitisha umeme.

Luhaga akaiunga karatasi, iwe antena, kwenye kipaza sauti kidogo kisicho na waya kilichong'oka antena yake, kile kinachosikika kwenye redio ya kawaida. Sauti ilifika hatua thelathini tu.

"Weka antena ya waya, dada," Luhaga akasema. "Sauti itafika mbali zaidi."

"Thelathini zinatosha," Felicitas akajibu.

Baba yake, Mwalimu Cleophace, alikuwa amepooza upande mmoja, mdomo ukapinda. Tangu hapo hakutoka nje ya nyumba yao ya Mkolani, asije akaonwa na aliowafundisha. Jumamosi ile mdogo wake Felicitas, Annet, alikuwa anaolewa katika kanisa la ng'ambo ya barabara, na mzee alikataa katakata kwenda.

"Kwa waya, sauti itamfikia kitandani," Felicitas aliniambia. "Na akisikia kitandani, atabaki kitandani."

Nilikasirika. "Na asipotoka? Akose ndoa ya mwanawe?"

"Basi nitakuwa nimemkosea." Machozi yalimlengalenga.

Jumamosi ikafika. Kipaza sauti na karatasi yake vilifichwa kwenye maua ya Annet; mimi nilibaki na mzee na redio yao kuukuu, spika imechoka. Chumbani ilikoroma tu. Nikaipeleka sebuleni, ikakoroma. Mlangoni, kwa mbali, tukasikia mchungaji.

"Ongeza!" mzee akaita kutoka chumbani.

"Ndiyo mwisho wake, baba."

Nikasikia fimbo ikigonga sakafu. Alikuja taratibu, akiburuza mguu, akaniegemea begani. Mlangoni sauti ilikatikakatika. Alitazama barabara, akanitazama mimi, nami nilimwomba Mungu kimoyomoyo. "Getini," akasema.

Getini Annet alisikika vizuri, akisema kiapo chake neno kwa neno. Mzee alilia bila kujificha. Nami nililia, nikasahau hasira zangu zote.

Kengele ikapigwa, watu wakaanza kutoka. Nilimshika mkono nimrudishe ndani. Hakusogea. Malimi, mwanafunzi wake wa zamani, alivuka barabara mbio, akasimama mbele yake na kuvua kofia.

"Shikamoo, Mwalimu!"

Mzee aliziba mdomo kwa kiganja. Kisha akakishusha.

"Marahaba," akasema.