Mzee Niliyemnyamazisha Kwenye Tamasha la Filamu

Jumamosi nilitoka Busia hadi Tororo nikiwa na hamu ya kumjua mtu mmoja: yule ambaye tamasha la filamu lingemtunuku kwa mchango wake katika sinema. Jina lake lilifichwa, na mhariri alikuwa ameniachia nusu ukurasa wa mahojiano naye.

Picha ilipoanza, mzee aliyekaa nyuma yangu akawa anaieleza kwa sauti, kwa Kiswahili na Kidhopadhola, lugha ya wenyeji wa Tororo.

“Mzee, tuache tutazame!” nikamkemea.

Akanyamaza. Ukumbi mzima ukaguna, nikashangaa kwa nini.

Taa zilipowaka, mzee huyo ndiye aliyeitwa jukwaani kutunukiwa. Tangu kabla ya uhuru alizunguka vijijini na gari la sinema, akiwafasiria watu picha za Kiingereza. Nikamkimbilia na daftari.

“Mwandishi,” akasema mbele ya wote, “sasa mimi nasema, ama bado nanyamaza?”