Kufuli Nililolipasha Moto Kifuani

Macho yangu yalipoanza kuona ukungu, nikaacha kusuka mikeka. Si kwa kupenda. Ukili mwekundu na wa zambarau kwangu ukawa mmoja, nikitia maua yanatoka kama kachora mtoto. Mikono ikabaki haina kazi, na mikono yangu miye ikikosa kazi inanuna.

Ndiyo nikaanza kwenda kukaa na binamu yangu, mtoto wa mjomba, pale stendi ya Kibiti. Yeye fundi wa funguo na makufuli, ana meza yake na mwavuli. Siye watani toka utotoni, hatujawahi kusalimiana vizuri. Nikifika anasema, "Hujafa tu, we ajuza?" Nami namjibu, "Nasubiri nikuzike weye kwanza."

Siku moja alikuwa anachokonoa kufuli la mteja aliyepoteza ufunguo, kwa spoku ya baiskeli aliyoinoa. Nikamwambia hebu nami nijaribu.

"Hili si jungu la wali," akasema, lakini akanitupia dogo, la bei rahisi.

Nikafumba macho. Wallahi, nikazisikia mle ndani pini ndogo zinapanda na kushuka, moja moja, kama unavyoisikia changarawe chini ya kidole ukichagua mchele. Na miye mchele nimechagua toka kwetu Maparoni, huko deltani, nikiwa kigori, mchele wenye mawe hasa. Ka! Likafunguka. Nikapiga kigelegele, makondakta wakageuka wakidhani kuna harusi.

Basi hapo nikaingia wazimu. Kila asubuhi niko mezani kwake, kwenye kigoda alichonipa. Kufuli siku hizi nalifungua huku naongea. Binti yangu hakupenda.

"Mama, watu watasema umekuwa mwizi uzeeni."

"Mwizi anakimbia, mwanangu. Miye na magoti haya nikimbie wapi?"

Na binamu alishanipa sharti toka mwanzo: kufuli la mtu siligusi mpaka mwenyewe asimame pale aniruhusu.

Halafu binamu akaleta kufuli moja kubwa, la kwake mwenyewe. Zito kama jiwe la mafiga! Ufunguo wake hauna meno, una vidimbwi vidimbwi ubavuni kama uso wa mtu aliyeugua ndui. Ya namna hii wanayaweka kwenye maghala ya ufuta huko Ikwiriri. Na ndani lina hila: unazisukuma pini zake, zinajifanya zimekaa, tundu la ufunguo linazunguka kidogo, unadhani tayari, kumbe linakudanganya. Binamu mwenyewe lilikuwa limemshinda.

Akasimama mbele ya kina mama wauza uji na vitumbua, akatangaza. "Huyu ajuza akilifungua hili mbele yangu, nitamwita fundi, kwa sauti, stendi yote isikie. Akishindwa mpaka Ijumaa ya mwisho wa mwezi, anirudishie kigoda changu, akakae nyumbani akaote jua."

Watu wakacheka. Miye nikacheka nao, lakini kigoda nikakishika. Nyumbani kuna nini? Redio na kuku. Pale mezani ndipo nilipojiona mtu tena.

Ufunguo akautia mfukoni mwake, miye nikabeba kufuli. Nililala nalo, nilipika nalo. Lilikuwa gumu, nikalitilia mafuta ya nazi, si ndiyo mafuta niliyonayo? Alhamisi ile ya mwisho, alasiri, niko jikoni karibu na moto nakoroga samaki wa nazi, mkono mmoja huku, mmoja kule kwenye kufuli nililolibana magotini, mara chuma cha juu kikaruka. Limefunguka!

Nikaangalia kushoto, kulia. Hapana mtu. Nani shahidi? Kuku? Nikawaza, nikimpelekea liko wazi yule mtani atasema nimechongesha ufunguo. Basi nikalibana tena, ka! Nikalifunga kwa mkono wangu mwenyewe. Mtu mzima na akili zake!

Ijumaa asubuhi kipupwe kilikuwa kinauma. Nikafika, nikakaa, nikaanza. Kimya. Pini haziendi mbele wala nyuma, kama zimekufa. Nikachokonoa mpaka jasho likanitoka na baridi ile.

"Shoga, vipi?" mama muuza uji akaniuliza.

Binamu akalichukua, akanusa tundu. "Umetia nini humu?"

"Mafuta ya nazi."

Akajipiga mapaja. "Lahaula! Umelikaanga kufuli! Chupa yako ya mafuta ya nywele haigandi asubuhi ya baridi? Kufuli linatiwa mafuta ya cherehani, we mwanamke! Haya, lete kigoda." Na mkono kanyoosha.

"Ijumaa imekwisha?"

"Haijaisha."

"Basi rudisha mkono wako."

Nikalichukua, nikalitumbukiza kifuani chini ya kanga. Yalaa, lilikuwa baridi kama chura! Nikakunja mikono, nikaagiza uji wa moto, nikanywa taratibu.

"Anaatamia!" binamu akapiga kelele. "Njooni mwone, bibi anaatamia kufuli!"

"Akiangua, mtoto utampa jina?" mama wa vitumbua akamuuliza. Watu wakajaa.

Uji ukaisha. Nikalitoa, lina joto kama mkate. Nikafumba macho. Safari hii pini zikaamka. Likanidanganya mara ya kwanza, nikalilegezea kidogo, kama unavyomlegezea kamba mbuzi anayevuta. Likanidanganya mara ya pili. Nikalibembeleza. Ka! Chuma kikaruka, kikanigonga kidole.

Vigelegele! Binamu kashika kiuno, anasema mafuta yaliyoganda nusu ndiyo yaliyonishikia pini zisirudi chini. Labda. Miye nilimwambia ahadi kwanza, elimu baadaye.

"Fundi," akasema, ndani ya ndevu.

"Hatujasikia!" kina mama wakasema.

Akapanda juu ya benchi, mzee mzima na kanzu yake ya Ijumaa, akapaaza sauti: "Fundi! Huyu hapa ni fundi!" Abiria wa basi la Lindi wakatoa vichwa madirishani kutazama fundi gani. Nikawapungia mkono.

Siku ile kupika sikupika. Nilikaa palepale mpaka adhana ya magharibi, kila anayepita anataka aone, nami nalibana kufuli, nalifungua, nalibana tena. Kidole kimevimba, sikatai mtu.