Kurasa Tatu za Salamu

Nilisoma mpaka darasa la nne, na hilo la nne lenyewe sikulimaliza. Nalisema mapema ili anayetaka kunidharau aanze sasa, asisubiri. Mashine, hata hivyo, nazijua. Kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania niliendesha mashine ya kusaga miaka kumi na moja, na hapa Buffalo niliingia kiwandani na ufagio, nikafika kusimamia mstari mzima wa kufungasha. Hakuna aliyenishika mkono. Kwa hiyo sitaomba radhi nikisema kwamba msomi aliyeletwa kutusaidia hakujua anachokifanya.

Aliyekuwa na shida hasa ni shemeji yangu, mdogo wake mke wangu. Miaka miwili alikuwa akisafisha vyumba vya hoteli, magoti yamemwisha, akataka kazi kiwandani kwetu. Lakini kiwanda hakimruhusu mtu kugusa mashine kabla hajafaulu mtihani wa usalama, na mtihani ulikuwa wa Kiingereza. Aliufanya mara mbili, akaanguka mara mbili. Mara ya tatu ndiyo ya mwisho, ukianguka hawakutaki tena.

Si kwamba alikuwa hajui. Nilimfundisha mwenyewe, jikoni kwangu, kwa kufuli la sanduku. Kabla hujaingiza mkono kwenye mashine, izime. Funga swichi kwa kufuli lako mwenyewe, ufunguo ukae mfukoni mwako. Halafu bonyeza kuiwasha, uone kama kweli imekufa. Alizijua hatua hizo kuliko nusu ya watu niliokuwa nikiwasimamia. Kilichomwangusha ni kusoma maswali.

Baada ya kelele nyingi, wakubwa wakakubali mtihani wa Kiswahili, wa picha. Nani autengeneze? Sisi tunaozijua mashine? Wapi! Akatafutwa Mkenya mmoja huko Columbus, mtu mzima mwenye ndevu, anasomea udaktari wa kompyuta, ule udaktari usiotibu mtu. Akatengeneza slaidi zenye katuni ndani yake. Unabonyeza swichi, mashine inazimika. Unabonyeza kufuli, linajifunga. Ukipatia unapelekwa hatua inayofuata. Ukikosea unaletewa mkono uliokatwa, damu inachuruzika, na neno UMEKOSEA.

Kiswahili chake kilikuwa hakifai kumwonya hata kuku, ndiyo maana nikaitwa Columbus kutoa sauti. Alikuwa amepanga chumba karibu na chuo kikuu, na humo akaniingiza ndani ya kabati la nguo, katikati ya makoti, ati ndiko kwenye utulivu.

"Mzee, ongea na energy kidogo," akaniambia kutoka nje ya kabati.

"Energy niliiacha kwenye zamu. Rekodi."

Nikasema "Zima," nikasema "Funga," nikasema "Jaribu kuwasha," mara ishirini kila moja, jasho likinitoka kama mwizi aliyejificha.

Mara ya kwanza tuliionyesha kazi hiyo Louisville, kanisani kwa Wakongomani, mji niliofikia kabla sijahamia Buffalo. Na wao walikuwa na watu wao wanaongoja mtihani kama huo. Msomi akachomeka flashi kwenye kompyuta ya kanisa, akafungua slaidi. Pale penye katuni pakatokea kisanduku cheusi. Akabonyeza. Cheusi. Akabadilisha waya wa projekta. Akazima kompyuta na kuiwasha mara nne. Akailaumu intaneti ya kanisa mbele ya watu waliompikia.

"Kwangu ilikuwa inawork, mzee."

Nikamsogelea. "Hebu niambie. Hiyo katuni iko ndani ya slaidi, au slaidi inajua tu katuni inakokaa?"

Akafikiri. "Inajua inakokaa."

"Inakaa wapi?"

"Columbus," akasema.

Basi ndivyo ilivyokuwa. Mtu amekuja mashineni kusaga, mahindi kayaacha nyumbani, na anagombana na mashine. Na huyo ndiye walimwita mtaalamu.

Sasa, kwetu mkutano hauanzi bila salamu. Ukitoka mji mmoja kwenda mwingine, unabeba salamu za uliowaacha, na unaziwasilisha kabla ya neno lolote. Mchungaji wa Louisville, kwa kuwa katuni imegoma na watu wamevaa vizuri, akaomba angalau salamu za kanisa lake ziwekwe mwanzoni mwa slaidi, zitufikie Buffalo. Picha ya wazee wa kanisa na suti zao, kwaya nyuma. Mimi ndiye niliyesema kwamba Louisville ikisalimia, Columbus nayo isalimie, maana ndiko kazi ilikozaliwa. Na Buffalo haiwezi kusalimiwa isiitikie. Kurasa tatu. Msomi akazitengeneza alasiri ileile kwa furaha kubwa, herufi zikiruka kama panzi. Hatimaye alikuwa amepata kazi anayoiweza.

Jumamosi iliyofuata, asubuhi, tulikutana kwenye ukumbi wa kanisa letu, mtaa wa Riverside. Kiwanda kilimtuma mwanamke mmoja wa mafunzo, Mmarekani, na fomu zake. Waliotahiniwa walikuwa sita, shemeji wa kwanza. Safari hii msomi alibeba kompyuta yake na kila kitu ndani. Salamu zikapita, watu wakapiga makofi, mchungaji wetu akasimama kuitikia. Vizuri.

Shemeji akaketi, akaangalia ile mashine ya katuni, akapeleka mshale kwenye swichi, akabonyeza. Sauti yangu ikasema "Zima." Halafu ukaja mkono uliokatwa, na damu, na UMEKOSEA.

Yule mwanamke akaandika kitu kwenye fomu.

"Nimekosea nini?" shemeji akauliza.

Msomi alikuwa anahangaika na kipanya, anakigonga mezani, anakifuta kwa shati.

"Labda mama alibonyeza haraka haraka," akasema.

Hapo damu ikanipanda. Mashine ya mtu ikiharibika, kosa ni la aliyeigusa! Nimeyaona hayo tangu kambini, kwa kila aliyewahi kuvaa tai.

"Acha kukigonga kwanza," nikamwambia msomi. "Rudi mwanzo, ubonyeze wewe. Taratibu, kama unavyotaka."

Akabonyeza swichi. Mkono na damu. Watu wakaguna.

"Ukibonyeza hapo, tunatakiwa kwenda ukurasa wa ngapi?"

"Wa tisa. Ni ya kufuli."

"Na huu wa mkono ni wa ngapi?"

Akahesabu. "Wa tisa." Akahesabu tena. "Lakini huu ulikuwa wa sita, mzee."

"Hiyo tisa umeiandika wapi?"

"Ndani ya kitufe."

Kwenye mashine ya kusaga, kitu kikikosea kila mara kwa kipimo kilekile, hakijavunjika, kimesogezwa. Nikamwambia: "Umemwelekeza mtu nyumba ya tisa, halafu tumejenga nyumba tatu mwanzoni mwa mtaa. Ni salamu."

Ndiyo, mbili kati ya zile tatu niliziagiza mimi. Naliandika kwa sababu ni kweli. Lakini namba kwenye kitufe sikuiandika mimi, na aliyeziweka salamu hakubonyeza hata mara moja kuona kama kazi yake bado inatembea. Miaka yote hiyo darasani, hata kujaribu hawakumfundisha.

Akasema kubadilisha namba kwenye vitufe vyote kungechukua mpaka mchana. Yule mwanamke alishaanza kutazama saa. Nikasema, "Futa salamu."

Mchungaji wetu, Mkongomani, akainuka. "Bon, mzee, salamu ya watumishi ya Mungu unaifuta mbele yetu?"

"Wamekwisha kusalimia, mchungaji. Na sisi tumeitikia."

"Basi iwekwe kule mwisho."

"Mtu umsalimie anapotoka mlangoni?" akasema mama mmoja wa nyuma, na ukumbi ukacheka. Mchungaji hakucheka. Jumapili mbili hakunipa mkono.

"Anza na ya Buffalo," nikamwambia msomi. "Ni yangu." Akaifuta, kisha ya Columbus, kisha ya Louisville, wazee na suti zao. Akabonyeza swichi, kufuli likatokea.

Mwanamke wa mafunzo akasema kitu, msomi akatafsiri: "Mama, anasema utajaribu tena."

Shemeji hakusogea. Alikunja mikono. "Anayejaribu tena ni aliyekosa. Mimi nilizima. Mwambie afute kwanza alichoandika."

Msomi akasogea nyuma hatua moja. "Mama, siwezi kumwambia hivyo."

"Shemeji, bonyeza tu," nikasema.

"Wewe nyamaza. Salamu zilikuwa zako."

Wakacheka kwa mara ya pili, na safari hii walinicheka mimi. Nikawaacha. Msomi alikuwa anatazama viatu vyake, kwa hiyo nilimwendea yule mwanamke mwenyewe, na Kiingereza changu cha kiwandani kisicho na nyuma wala mbele. Nikamwonyesha skrini, nikamwonyesha shemeji, nikamwonyesha fomu, nikatikisa kichwa. Alielewa upesi kuliko msomi. Akaichana ile fomu vipande viwili, akatoa mpya, akaandika jina la shemeji juu.

Ndipo shemeji akashika kipanya. Akazima. Akafunga kufuli, akaweka ufunguo mfukoni mwa mtu aliyechorwa kwenye katuni. Halafu, pale ambapo wengi hudhani wamemaliza, akabonyeza kuwasha. Mashine haikuwaka. Akaachia kipanya hata kabla neno la kufaulu halijatokea.

Hakumshukuru msomi, na mimi hakunishukuru. Alikaa kwenye kiti cha kando yangu, akavuta koti lake magotini, akaniuliza zamu ya asubuhi inaanza saa ngapi na kama basi linafika kule.

Nikamwambia saa kumi na mbili, na basi halifiki. Atapanda gari langu, na akichelewa dakika moja namwacha.