Makala Yangu ya Kuwalinda Mashahidi

Jamani, mimi ni mhadhiri wa sheria, nimeandika makala nzima kuhusu namna mahakama za kimataifa za jinai zinavyoshindwa kuwalinda mashahidi, halafu shahidi wangu mwenyewe nikamwanika kanisani kwetu Kitangari, mchana kweupe, nikiwa nimevaa suti. Chekeni tu, mimi nimeshajicheka nikachoka.

Shahidi ni Mama Anjela, jirani ya mama yangu, aliyevuka Ruvuma kukimbia vita ya Msumbiji akiwa na mtoto mgongoni. Alinisimulia mengi kwa sharti moja, asijulikane. Basi nikafuta jina lake la kitambulisho kila mahali (jina ambalo pale kijijini hakuna anayemwita!), nikaandika "Mama Anjela", nikajiona nimemficha hasa. Jarida lenyewe la ughaibuni likanirudishia kazi mara tatu, mara tanbihi haina nukta, mara koma imekaa vibaya, na wale wasomi wawili walioikagua wakanisifu kwa uangalifu wangu, wala hakuna hata mmoja aliyeuliza huyo Mama Anjela kwao anaitwaje!

Haya, makala ikatoka. Mama yangu akataka tutoe shukrani kanisani. Ningetoa shukrani nikaenda kula pilau yangu, mambo yangeisha, lakini mimi na kupenda sifa nikatafsiri kurasa mbili, nikazichapisha Masasi, nikamkabidhi katekista azisome ili watu wajue mtoto wao anafanya nini huko chuoni.

Katekista akasoma. Alipofika "Mama Anjela anakumbuka", vichwa vyote vikageukia benchi la tatu, na hapo ndipo akili ikanirudia, maana sentensi iliyofuata ilieleza jinsi jirani yake, yule aliyevuka naye mto, alivyowaonyesha askari ghala la mahindi la kijiji chao kule Msumbiji ili wasimguse yeye na wanawe. Jirani huyo ni Mzee Yohana. Walikimbia pamoja, wakajenga pamoja, na kisima cha maji ya mvua anachochota Mama Anjela ni cha Mzee Yohana. Nikakohoa. Katekista akadhani hasikiki, akapandisha sauti! Nikasimama nimzuie, kina mama wakapiga vigelegele wakidhani nimesimama ili nionekane! Alipomaliza, Mzee Yohana alichukua kofia yake akatoka bila kumtazama mtu.

Kesho yake kisima kikapigwa kufuli.

Nikawaandikia wa jarida, kwa hasira, waondoe lile jina. Wakanijibu kwa adabu zote kwamba makala ikishatoka haiguswi, ila wanaweza kuchapisha sahihisho, na kweli wakalichapisha: palipoandikwa Mama Anjela, pasomeke Shahidi wa Kwanza. Yaani wamemtaja tena! Watu wazima, na shahada zao, wanamficha mtu kwa kumtangaza! Nilitaka kuitupa kompyuta nje, kisha nikakumbuka aliyeanza kumtangaza ni nani.

Nilipokwenda kumwomba radhi nilimkuta anapanda mlima kutoka bondeni, ndoo kichwani, na umri ule.

"Shikamoo, Mama Anjela."

"Marahaba."

Hakusimama. Nikatembea pembeni yake nikijieleza mambo ya jarida, kwamba wanaolisoma wako mbali, kwamba huko hakuna hata mmoja anayemjua.

"Mwanangu," akasema, "hao hawanijui hata ungewaandikia jina langu lote. Mimi nilikuwa najificha ili Yohana asijue. Miaka yote hii tumekaa vizuri, hakujua kama siku ile nilimwona."

Na tanbihi zangu zote zile! Nilimpokea ndoo nikaibeba mpaka kwake, nikalowa suruali nzima, wala hakunishukuru. Sasa nimeapa: sitachapisha tena neno la mtu kabla sijakaa naye nikamsomea mwenyewe, na kumwuliza kwanza anajificha ili nani asijue.