Mkanda wa Taimingi na Mtani Wangu

Sauti yenyewe ilianza nikipanda kilima cha kuingia mtaani kwetu. Nikikanyaga mafuta, injini inalia kama kokoto zinatikiswa ndani ya kopo. Nikiachia, kimya. Mimi shule niliishia la saba, na mambo ya magari sikufundishwa na mtu, kwa hiyo nililipeleka gari kwa mafundi wawili nikidhani nitapata jibu moja mara mbili. Nikapata majibu mawili.

Fundi wa kwanza, kijana mwenye gereji hapa Tabora upande wa stesheni, aliliendesha mwenyewe akisikiliza. "Inagonga, mzee. Hii petroli ya chupa za barabarani. Halafu moto unawahi." Akageuza kidogo kile kifaa kinachogawa moto kwenye plagi, na kelele ikapungua. Lazima nimtendee haki: ilipungua. Ila gari likawa zito, kama limepakia magunia.

Fundi wa pili ni mtani wangu. Yeye Mgogo, mimi Mnyamwezi, na tangu misafara ya babu zetu wabeba pembe za ndovu ilipokuwa ikikatiza kwao kwenda pwani, kutukanana kwetu ni halali. Alifungua kifuniko cha ubavuni mwa injini, akapitisha kidole kwenye mkanda wa taimingi, ule unaozungusha vyuma vya juu vya injini.

"We Mnyamwezi, huu mkanda umekwisha kama magoti yako. Nenda nao Urambo kwenu uone. Utarudi na injini kichwani, kama babu yako na pembe zake."

Nikamjibu palepale: "Nyie mlizoea kutoza hongo kila msafara uliopita kwenu. Leo hongo imegeuka mkanda?"

Akacheka mpaka akashika mbavu. Nami nikacheka, nikafunga boneti, nikaondoka. Huenda uso wake ulibadilika nilipompa mgongo. Sikuangalia.

Tabu ya mtani ndiyo hiyo. Neno la kweli na la mzaha anayatoa kwa sauti moja, na ukimuuliza "unasema kweli?" ni kama umemwambia utani umekushinda. Kwa hiyo sikumuuliza. Sijui kama nilifanya vizuri.

Wiki haikuisha, mama mdogo akafariki huko Urambo, mazishi kesho yake saa nane mchana. Mama yangu, ambaye naishi naye, hakulia sana. Alisema tu, "Mdogo wangu yule. Nataka nimtupie udongo kwa mkono wangu." Nyonga yake haimruhusu kupanda basi, na gari la kukodi nililitafuta nikalikosa. Likabaki langu.

Nikampigia mtani simu, maana mtani hupewa taarifa ya msiba, nikitumaini kuwa mkanda atautaja mwenyewe.

"Poleni sana," akasema. "Sasa mtafika na hicho kikopo, au nikuazime punda?"

Hapo mtu aelewe nini?

Tukaondoka asubuhi. Gari lilikwenda vizuri, kokoto sikuzisikia hata mara moja, nikaanza kuona kwamba yule kijana wa stesheni ndiye alikuwa sahihi. Tulipoipita Usoke, injini ikakatika. Haikugonga, haikutoa moshi. Nikapiga starta, ikazunguka nyepesi, mbiombio, kama pedeli za baiskeli iliyochomoka mnyororo.

"Limezima, au umelizima?" mama akauliza.

"Limezima, mama."

Nikampigia mtani. Sikumsikia akisema "nilikwambia". Aliuliza tulipo, akauliza kama mama ana maji ya kunywa, kisha akasema, "Pandeni chochote kitakachopita. Huko niachie mimi." Nikabaki nashangaa. Yeye yuko Tabora, huko kaburini aachiwe nini?

Magari yalipita yamejaa. Mwishowe pikapu ya wakulima wa tumbaku ikasimama, mama akakaa mbele, mimi nyuma juu ya mbolea. Saa nane ilitupita tukiwa njiani, na kupitia kioo nilimwona mama ameinamisha kichwa.

Tulipofika, watu walikuwa wamelizunguka kaburi, jeneza bado liko pembeni. Mzee nisiyemjua ameketi ukingoni, miguu ameitumbukiza ndani. Wafiwa wengine wamekasirika, wengine wanaficha kicheko kwa khanga.

"Njia imefungwa," alikuwa akisema. "Lini Mnyamwezi alipita bila hongo? Sitoki."

Alikuwa Mgogo wa hapohapo Urambo. Kumbe mtani wangu alikuwa amempigia simu. Kwa kawaida watani hulizuia kaburi kidogo tu, wakipewa chochote wanatoka. Huyu, waliniambia, walimletea kuku, akamkataa. Wakamletea wa pili, akamkataa pia. Alipomwona mama anateremshwa kwenye pikapu, alisimama, akajipangusa suruali.

"Haya. Hongo imefika."

Jeneza likashushwa, na mama akamtupia mdogo wake udongo kwa mkono wake.

Gari lilivutwa kwa kamba mpaka Tabora. Mkanda ulikuwa umekatika kweli; mtani akafunga mpya, gari likawaka. Lakini pale kilimani kokoto zimerudi, kwa mbali. Kwa hiyo huenda kijana wa stesheni naye alisema kweli, na yalikuwa maradhi mawili. Au ni ugonjwa mmoja ambao hakuna aliyeujua. Sina hakika.

Jana mtani aliinamisha sikio juu ya boneti. "Mnyamwezi, hii injini itakuzika, na mimi nitakaa kaburini mwako mpaka kiyama."

Akacheka. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kumjibu. Nikaufunga, nikamtazama usoni, nikamwachia ufunguo.