Injini Iliyofunikwa Blanketi la Antonia

Dada yangu Antonia alilala chini bila blanketi ili injini ya mume wake isilowe. Nayaandika haya kwa sababu siku hizi hapa Karatu wanamwita mchawi wa magari, na wanaosema hivyo hawakuwahi kumpelekea hata ukuni mmoja.

Ile Land Rover waliinunua mwaka ule mpaka wa Kenya ulipofungwa. Watalii walikatika, kampuni ya utalii aliyokuwa dereva mumewe Wilibrodi ikauza magari yake machakavu, naye akamgeukia mkewe. Antonia alikuwa na ng'ombe aliopewa na baba yetu alipoolewa. Wakauzwa wote.

"Gari ni letu wawili, mama Hyasinta," Wilibrodi akamwambia. "Utapeleka maharage Arusha umekaa mbele."

Alikaa mbele mara mbili. Safari iliyofuata, kwenye kilima cha Rhotia, gari likatoa moshi mweupe likagoma. Likarudi nyumbani likivutwa na maksai.

Wilibrodi akaamua kuitoa injini mwenyewe, hapo hapo uani. Winchi hana. Akalisukumia gari chini ya mti wa mringaringa, akamwaga oili, akaondoa boneti na rejeta, akafungua bolti mpaka vidole vikachubuka. Akapitisha mnyororo juu ya tawi nene, wanaume wakavuta, sisi wanawake tukiwasongea ugali na kuwachujia pombe.

"Wilibrodi, mzigo huu unazidi mahari uliyotoa!" jirani yetu Tluway akapiga kelele.

"Vuta wewe! Hiyo pombe unayokunywa ndiyo nyongeza yake."

Injini ikainuka. Wakalirudisha gari nyuma, injini ikabaki inaning'inia kama mbuzi aliyechinjwa. Wilibrodi akaifungua silinda hedi, ndicho kifuniko cha juu, akasema anaipeleka Arusha ikachongwe.

"Usiishushe," akamwambia mkewe. "Udongo ukiingia kwenye haya matundu, imekufa. Na maji ndiyo kabisa. Nikirudi tunafunga, tunaondoka."

"Unarudi lini?"

"Fundi akimaliza."

Mvua ilipoanza, Antonia akaifunika injini kwa blanketi lake, juu yake akaweka ngozi ya kulalia aliyoipaka samli. Yaani kitanda chake kizima kilipanda mtini. Hyasinta, mtoto wao, akawa analala kwenye gunia. Nanyi mnajua Julai yetu, ukungu unakaa mlangoni hadi mchana. Mtoto akakohoa mpaka nikachoka kumsikia.

"Dada, wewe una akili?" nikamwuliza. "Chuma kimevaa, mtoto yuko uchi!"

"Ng'ombe wangu wako mle ndani," akanijibu. "Nikiacha walowe, nabaki na nini?"

Mwaka ukapita bila Wilibrodi kurudi, na mwingine, na mwingine. Kila masika anapanda ngazi, anaipaka ngozi samli upya, anashuka.

Ndipo akapita Metui, Mmasai anayeleta ng'ombe mnadani kutoka Loliondo.

"Yeyo," akamwita mama kwa Kimasai, "baba Hyasinta yuko kule kwetu Oloipiri. Anaendesha gari la wawindaji. Amejenga. Kuna mama pale, ana mtoto."

"Mtoto wa nani?"

Metui akatazama fimbo yake. "Yeyo, masikio ni yale yale."

Antonia hakulia. Alimpa maziwa, akamsindikiza, akarudi akasimamisha ngazi. Akaishusha ngozi, akaishusha na blanketi, akalikung'uta. Siku ile Hyasinta alilala kama watoto wa watu. Masika ikaingia wiki hiyo hiyo.

Wilibrodi akaja siku moja na gari jingine, mafundi, na silinda hedi yake kwenye gunia. Salamu yenyewe aliitupa kama anatupia kuku.

"Nimekuja kuchukua injini. Nimepata bodi nzuri ya Land Rover kule."

"Na bodi ya hapa?"

"Fugia kuku."

Mafundi wakapanda. Tawi lilikuwa limenenepa mpaka likaumeza mnyororo, ikabidi walikate. Injini ikashuka na kipande chake cha mti. Fundi mmoja akachungulia matundu, akachovya kidole, kikatoka chekundu.

"Mzee, imeshika kutu, haizunguki tena. Hii ni ya kuuza chuma chakavu."

"Nilikwambia maji yasiingie!" Wilibrodi akamfokea mkewe.

"Blanketi nililihitaji," Antonia akasema. "Mtoto wako alikuwa anakohoa."

Hapo ndipo lilipotoka neno mchawi. Wilibrodi alilirusha mbele ya majirani, na majirani wakalidaka. Kisha akaingia kwenye gari lake akaondoka, injini akaiacha pale chini.

Mimi nilikuwa nimejiandaa kucheka. Nilitaka nimcheke mpaka afike Oloipiri na kicheko changu masikioni. Nikageuka nimwambie dada yangu tumemweza, nikamkuta amechuchumaa na kikombe, anachota yale maji ya kutu kwenye tundu la kwanza, anamwaga pembeni, anachota tena.

"Dada, acha. Imeshakufa."

"Niache, wewe," akasema, akahamia tundu la pili.