Habu ya Mtani

Juzi mjini Kahama, dereva wa teksi aliyekuwa akinipeleka kliniki na mwanangu alisimama kwenye duka la spea. Tairi la mbele lilikuwa likinguruma tangu tunatoka nyumbani. Aliomba beringi. Muuzaji akamweleza kwamba kwa gari lake, beringi na habu inayoshika tairi ni kitu kimoja, hununuliwa pamoja, akamtajia bei.

"Hiyo ni bei ya ndama!" dereva alifoka. "Ninyi Wazaramo mmekuja huku kutumaliza."

Wasukuma na Wazaramo ni watani, kwa hiyo muuzaji alicheka tu. Akamwekea mkononi habu kuukuu iliyotolewa kwenye gari lingine.

"Izungushe, Msukuma. Usiogope, haina pembe."

Ilikwaruza kama inasaga mchanga. Kisha akampa mpya, ikazunguka bila sauti.

"Yako inanguruma hivyo hivyo; ikiachia njiani, tairi linachomoka," muuzaji alisema, safari hii kwa upole. "Wewe nitakuja kukucheka msibani. Huyu mtoto je?"

Dereva alimtazama mwanangu mgongoni kwangu, akatoa pesa. Muuzaji akamwita fundi wake. "Mfungie. Ufundi juu yangu."

"Kumbe Mzaramo una huruma?"

"Nyamaza. Ukifa, nitamtukana nani?"

Bei haikushuka hata kidogo, lakini hakuna aliyeondoka na kinyongo. Tulipokuwa barabarani, gari lilitulia kiasi kwamba nilimsikia dereva akijaribu, kwa sauti ya chini, matusi ya kumpelekea muuzaji kesho.